Betri mpya, na asubuhi gari haliwaki

Usinunue betri nyingine kabla hujajua kilichoiua hii. Gari linalotaka jampa (kuwashwa kwa umeme wa betri ya gari jingine) kila baada ya siku mbili mara nyingi lina ubovu mahali pengine, na betri mpya itakwenda njia ileile.

Anza na sikio. Ukigeuza ufunguo ukasikia tak-tak-tak ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi: ama betri imeshuka, ama vichwa vyake vimelegea. Ukisikia tak moja tu na taa zikabaki na mwanga wake, shuku stata, mota inayozungusha injini iwake, hasa kaboni zake na solenoidi, swichi yake ya umeme.

Kisha mita ya umeme, ncha zake kwenye nguzo mbili za betri. Gari likilala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Mtu apige stata huku wewe watazama mita: betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6, hiyo kweli imechoka. Injini ikishawaka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, alteneta, inayochaji betri, haifanyi kazi; angalia mkanda unaoizungusha kabla ya kuifungua.

Sisi mafundi, kwa magari ya Mombasa, hatuuruki waya wa athi, ule unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi na injini. Hewa ya chumvi huula pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, huko chini macho yasikofika. Juu mpira uko mzima, ukiufinya ndani mna unga wa kijani. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Ikizidi volti 0.2, chomoa waya wa hasi kwenye betri, fungua viungo vya athi, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Waya ulioliwa ndani haurudi kwa kusuguliwa; badilisha.

Foleni ya feri Likoni nayo ina mchango: injini imezimwa, feni na redio vinaendelea, halafu safari yenyewe ni fupi na alteneta haiwahi kurudisha kilicholiwa.

Umeme ukiisha gari limeegeshwa, tafuta uvujaji. Zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta zilale. Chomoa waya wa hasi, unganisha mita katikati ya waya huo na nguzo hasi, ukitumia tundu lake la amperi 10, ngoja tena. Kawaida ni chini ya amperi 0.05. Ukiona 0.5, siku mbili zitakula saa-amperi 24, zaidi ya nusu ya betri ya saa-amperi 45. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Isiposhuka, fuata nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri: alamu, traka, amplifaya ya muziki. Hizo zikiwa salama, bado kuna diodi za alteneta, vipande vinavyozuia umeme wa betri kurudi ndani yake, ambazo zikifa hunyonya betri usiku kucha.

Ukituletea gari kwa uvujaji, lilete jioni lilale gereji kwetu. Lililotoka barabarani sasa hivi halitupi kipimo cha kweli cha betri.