Mama ndiye aliyenituma Berlin, leo kanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kama maelezo yatakuwa yanaruka-ruka. Huku ni saa tisa usiku, alfajiri nina zamu ghalani na usingizi umegoma. Nimeandika ujumbe kwenye grupu la familia nikafuta, nikaandika mwingine nikafuta, nikaona bora nikuandikie wewe ambaye si ndugu yangu.

Familia zetu unazijua. Sisi ni watu wa Lindi, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba hayupo miaka mingi, mama anaishi kwenye nyumba ya mjomba, na mjomba ndiye aliyebeba safari yangu ya kuja kusoma Leipzig. Ujerumani hupewi viza mpaka uonyeshe pesa ya kuishi mwaka mzima. Wakati wangu zilikuwa euro 11,904, unaziweka kwenye akaunti inayofungwa na benki inakuachia 992 kwa mwezi, huwezi kuzitoa zote hata ukilia. Mjomba alitoa pesa za korosho za msimu mzima na akauza kiwanja. Silisahau hilo. Naliandika mapema ili usije ukanijibu kwamba sina shukrani, maana ndilo neno ninalolisikia sasa.

Nikitoa kodi ya chumba na bima ya afya inayokaribia euro 150, kinachobaki ni cha kula kwa hesabu. Ndiyo maana napanga vifurushi ghalani. Nyumbani wanadhani zile milioni ziko mkononi mwangu nazichota ninavyotaka. Nimeeleza mpaka nimechoka.

Sasa wikiendi iliyopita nilikwenda Berlin. Ndiyo kosa langu lote hilo. Tangu nifike nchi hii sikuwahi kuuona mji mkuu wake, na aliyekuwa akinisukuma niende ni mama. Wakati nafunga mizigo nyumbani aliniambia, "Huko unakokwenda ndiko alikopelekwa mjusi wetu. Usirudi hujamwona." Bila shaka unamfahamu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kwetu Lindi, ambaye kila baada ya muda wabunge wanaulizana kama arudishwe. Wajerumani walichimba mifupa yake kwetu kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vimeisha juzi tu na watu bado wana njaa, na mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Upande wa mama wanasema babu yake bibi alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Mimi nimekua nasikia habari hiyo jikoni. Kwa hiyo sikwenda kutalii, Shangazi. Hata kama ningekwenda kutalii, dhambi iko wapi? Lakini sikwenda kutalii.

Na sikutumia pesa! Nina tiketi ya mwezi ninayolipia kwa ajili ya kazi, ile Deutschlandticket, inapanda treni zote za mikoani nchi nzima isipokuwa zile za kasi. Nikapita Wittenberg, nikabadilisha treni, nikafika. Nililala chini chumbani kwa dada mmoja wa Kitanzania, nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Nilicholipia ni kiingilio cha makumbusho, tena kwa bei ya mwanafunzi.

Nilimwona. Kimo chake kinazidi mita 13, unainua shingo mpaka kofia inadondoka. Watoto wa shule wa Kijerumani wanapita wanapiga kelele, wewe umesimama pale unatafuta jina la kwenu kwenye maandishi. Nilimrekodia mama video nikamtumia yeye peke yake. Akanijibu kwa sauti, analia na kucheka, "Sasa nimeridhika." Kutoka hapo yule dada akanipandisha treni ya chini ya ardhi U6, laini ileile inayopita makumbusho, mpaka kituo cha Afrikanische Straße, akanionyesha barabara ambayo zamani ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, na tangu 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipiga picha kibao kwa ajili ya mjomba, maana ni mwalimu mstaafu, yeye ndiye aliyenifundisha Maji Maji na habari za huyo Mkono wa Damu nikiwa darasa la tano. Nilitaka nimtumie jioni.

Sikumtumia, kwa sababu jioni moto ulikuwa umeshawaka. Mchana nilikuwa nimeweka status picha moja tu, mbele ya Lango la Brandenburg, nimevaa koti jekundu la yule dada. Koti la mtumba! Watu hawajui kuwa hata Ulaya kuna mtumba. Ile ya mjusi ilikataa kunionyesha vizuri, ukimweka yeye wote mimi naonekana kidole, ndiyo maana sikuiweka. Binamu akaichukua hiyo ya lango akaitupa kwenye grupu. Mjomba akaandika, "Korosho tumeuza, kumbe tumenunua picha." Wakaanza kucheka. Shangazi yangu wa damu akauliza koti bei gani. Mwingine akasema waache watoto wale bata Ulaya, sisi tuendelee na jembe. Kisha mjomba akatuma sauti ndefu, kwamba kama pesa za kuzunguka miji ninazo, basi nianze kurudisha, mdogo wangu wa upande wake anaingia chuo.

Na mama alisoma yote hayo. Alama za bluu nimeziona. Mama aliyenituma, mama aliyelia kwa furaha asubuhi ileile, alisoma akanyamaza. Angeandika tu, "Nilimtuma mimi." Maneno mawili hayo.

Najua anakula kwa mjomba, analala kwa mjomba, akijibu leo kesho atanuniwa kuanzia chai ya asubuhi. Naelewa na wala simlaumu. Sitaki ajibu, yasije yakamfika. Lakini mbona hata kwangu mimi, faragha, hajaandika kitu? Nilimpigia akaniambia mtandao unasumbua, akakata. Mtandao huo haukusumbua alipopokea video.

Mjomba sina kinyongo naye, ni kama baba yangu. Ila ile sauti yake sitaki kuisikia tena, nimeifuta, halafu nimemwomba binamu anitumie upya.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna pesa nimeweka kidogo kidogo kutoka ghalani, nauli ya kwenda nyumbani likizo ya Agosti. Hakuna anayejua zaidi ya mama. Magoti yanamsumbua siku hizi na kila tukiongea ananiuliza bado miezi mingapi, yaani aliniuliza, kabla ya haya. Nikimtumia mjomba pesa yote hiyo, mdogo wangu ataanza chuo na maneno yataisha, au yatapungua. Lakini hapo nyumbani siendi, na mwakani sijui. Nikienda, nitaingia nyumba ileile, nile meza moja na watu waliocheka koti, na mjomba ataniuliza nauli nimeitoa wapi. Wakati mwingine nasema siendi hata nikipewa tiketi ya bure. Dakika kumi baadaye natafuta bei za ndege.

Yule dada wa Berlin ananiambia niondoke kwenye grupu na niwatumie video ya mjusi waone aibu. Yeye kwao ni wawili tu na baba yake, hajui kuondoka kwenye grupu la ukoo maana yake nini. Na hiyo video nikiituma, watajua mama alikuwa nayo tangu mwanzo.

Niambie wewe, Shangazi, nauli niitume au niende? Na kama jibu lako ni kwamba nianze kwa kumwomba mjomba radhi, basi nitajie na kosa la kuombea, kwa sababu kila nikifika hapo ndipo ninapofuta.