Usimtumie hela kwanza

Soweto, Mbeya
Mwezi wa sita

Mwalimu wangu mpendwa,

Kamwene! Habari za Iringa, habari za shule? Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu na umwambie dawa aliyoniagiza nimeshaipata, naituma na mtu. Huku kwetu baridi imeshika kweli. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na hadi saa nne watu bado wamejifunika mashuka mabegani. Lakini wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimeiona ile picha ya lenzi uliyonitumia, na swali lako la kuchukua lenzi ya f/1.8 au kujikaza mpaka f/1.4 nimelisoma mara mbili ili nisikujibu kwa haraka. Naomba usimtumie muuzaji hela kwanza.

Hiyo lenzi ni Nikon 50mm f/1.8D. Namba ya mm ikikua lenzi inavuta zaidi na kuona eneo dogo; namba ya f ikipungua tundu la kupitisha mwanga ni kubwa zaidi. Si mbaya, na bei aliyokutajia si ya kukuibia. Shida ni kwamba haiendani na bodi yako, yaani kamera yenyewe, Nikon D5300. Lenzi za D hazina mota ya kurekebisha fokasi, yaani ukali wa picha, ndani yake. Zinazungushwa na mota iliyomo kwenye kamera, na D5300 yako haina hiyo mota. Kamera zote za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 ziko hivyo. Za D7000 ndizo zinayo. Ukiifunga kwako itapima mwanga na picha itapiga, ila fokasi utaizungusha kwa mkono, kwenye kioo kidogo cha kuchungulia, huku mtoto wa kipaimara ameshainuka na Mchungaji ameshahamia kwa mwingine. Muuzaji huenda hajui. Wengi wanauza kwa kutazama kama inaingia mdomoni mwa kamera, basi.

Namna ya kuzitambua ni rahisi. Tazama shingo ya lenzi, karibu na pale inapofungwa. Ukiona pete yenye namba 22, 16, 11, 8 mpaka 1.8, hiyo ni D au ya zamani zaidi. Yenye herufi G haina pete hiyo, shingo ni nyeusi tupu. Wewe tafuta iliyoandikwa AF-S. Hizo S zina mota yao ndani na zinafanya kazi kwako bila tatizo.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, maana hata huyo muuzaji angekuwa na 50mm ya G, bado ningekuomba usubiri kidogo. Umeniuliza uchukue f/1.8 au ujikaze ufikishe f/1.4. Mimi naona kuna jambo la kuamua kabla ya hilo, nalo ni umbali unaosimama na watu unaowapiga. Ukishalijua hilo, lenzi itajichagua yenyewe. Ukiruka hapo, unaweza kuwa na tundu kubwa kuliko la kila mpiga picha wa Iringa na bado ukakosa picha kwa sababu mgongo umefika ukutani.

Kamera yako ina sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea picha, ile Nikon wanayoiita DX, yenye upana wa milimita 23.5. Kwenye sensa hiyo 50mm inakata picha kama 75mm ya kamera za sensa kubwa. Ukisimama mita 3 kutoka kwa mtu, 50 itakupa upana wa mita 1.4 tu. 35 kutoka pale pale itakupa mita 2. Unaweza kuona tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini hebu ifikirie sebule ya watu. Kuna makochi pande tatu, meza ya kioo katikati, kabati la televisheni, na bibi harusi mtarajiwa amesimama mbele ya pazia. Unamtaka kuanzia kilemba mpaka viatu, na nafasi kidogo juu na chini. Kwa 35 ukigeuza kamera wima unampata ukiwa mita 3 hivi. Kwa 50 unahitaji kama mita 4 na nusu. Nyumba nyingi tunazoitwa hazina hizo mita 4 na nusu, na huwezi kumwomba shangazi wa watu ahamishe kochi kila unapotaka kubonyeza.

Kwa hiyo kwako wewe, kwa kazi ulizonieleza, yaani kipaimara, send-off za majumbani, na zile picha za bibi zako wa Kalenga jikoni, naona ni AF-S DX 35mm f/1.8G. Imetoka tangu 2009, kwa hiyo zilizotumika zipo nyingi. Ina gramu 200 hivi, na inakubali kusogea mpaka sentimita 30 kutoka kwenye kitu, ambayo inatosha kabisa kwa pete na mikono. Angalia iandikwe DX. Kuna 35mm f/1.8G nyingine ya sensa kubwa, ghali zaidi, na kwenye kamera yako upana wa picha utakuwa ule ule, kwa hiyo usilipie tofauti hiyo.

Lakini usinikubalie kwa maneno tu. Lenzi yako ya 18-55 inaweza kukupa jibu bure. Zungusha zumu mpaka 35, kisha bandika tepu ya karatasi juu ya pete isisogee, ufanye nayo kazi ya Jumamosi nzima. Wiki inayofuata fanya vivyo hivyo kwenye 50. Usitazame picha zilizotoka vizuri. Tazama ni mara ngapi ulitamani kurudi nyuma ukashindwa, na mara ngapi ulitamani kusogea ukashindwa. Kama kanisani kwenu wamekuwekea mpaka wa kusimama na madhabahu iko mbali, huenda 50 ikashinda, na nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Kuhusu mwanga wenyewe. Ulisema picha za kipaimara zilitoka na chengachenga, na nyingine zimetikisika ingawa lenzi ina VR, kile kitulizi cha mtikisiko. VR inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mtoto anayepiga magoti. Dawa ya mtu anayesogea ni shata ya haraka, yaani kamera ifunguke kwa muda mfupi sana, na shata ya haraka inataka mwanga, na mwanga unapitia kwenye tundu. Chukua 35 ugawe kwa 1.8, unapata tundu la milimita 19. Lenzi yako ya sasa ukiiweka kwenye 35 inafunguka mpaka f/4.5 hivi, yaani tundu la milimita 8. Ukilinganisha eneo la tundu, ni mwanga mara sita. Pale ulipokuwa ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuona mwanga, ikipanda chengachenga zinaongezeka) na shata 1/40 ya sekunde, sasa unaweza kukaa ISO 2500 na shata 1/100. Chengachenga zinapungua na mtoto anatulia, vyote kwa pamoja, na hujamwasha mtu flashi ya uso katikati ya sala. Mimi flashi kanisani siipendi kabisa. Inafuta hata ule mwanga wa dirishani uliokufanya uinue kamera.

Angalia jambo moja: hiyo 35 haina VR. Usishuke chini ya 1/60 ukiishika mkononi, na kwa watu wanaotembea anza 1/125. Kwenye kumbi zenye taa za LED zinazopepesa, jaribu 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ikienda sawa na huo mwendo ile mistari myeusi inayokatiza picha inaondoka. Taa za rangi za madijei zina tabia zao nyingine, hizo jaribu papo hapo kabla maharusi hawajaingia.

Sasa f/1.4. Kutoka 1.8 kwenda 1.4 unaongeza mwanga kwa theluthi mbili hivi. Ni kitu, lakini hakilingani na ile hatua ya kutoka kwenye lenzi uliyonayo. Na tundu likikua, sehemu inayoonekana kali inakuwa nyembamba. Kwa 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 1 kutoka kwako, kilicho kwenye fokasi ni sentimita 3 tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshafifia. Watu wanaupenda huo ufifio, na mimi naupenda, uso wa mzee wa Kihehe peke yake na nyuma yote imeyeyuka ni picha ya kutundika. Lakini wateja wetu wanalipia kwaya, familia, na mistari miwili ya mashangazi. Ukiwa na 35, umbali wa mita 3, f/1.8 inakupa kina cha nusu mita hivi. Mstari wa nyuma utalalamika. Funga mpaka f/4, kina kinavuka mita moja na wote wanaonekana. Kwa hiyo siku ya harusi hiyo 1.4 uliyoiuzia mbuzi ingekuwa imefungwa nusu ya kazi. Hela itakayobaki nunua betri ya pili na kadi nzuri.

Mahali ambapo tundu kubwa litakupa raha ni jikoni kwa bibi. Nimewapiga sana wazee wa huku Rungwe katika jiko la nje, mlango mmoja, moshi, moto wa kuni chini ya sufuria. Mwambie akae kama kawaida yake, usimhamishe, wewe ndiye ukae pembeni, mlango uwe upande wako wa kulia au wa kushoto, usiwe mgongoni mwake. Mwanga wa mlangoni utampiga shavu moja na kushuka polepole mpaka lile jingine, na moto utamwongezea rangi ya chungwa kidevuni. Weka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Usiiachie kamera ichague, itachagua sufuria. Chagua wewe nukta moja. Ukiwa na f/1.8 au f/2, ISO 1600, shata 1/60, subiri ageuke kuongea na mjukuu. Hapo ndipo mikunjo ya uso inapoongea, na hakuna lenzi ya zumu ya bei yetu itakayokupa picha hiyo bila kuiua kwa chengachenga. Kwa sababu ya picha hizo peke yake, ningekushauri ununue hata kama hukuwa na kazi moja ya kulipwa.

Ukipata ya mkononi, ipime kabla ya kulipa. Washa tochi ya simu, imulike kutoka upande wa nyuma, utazame kwa mbele huku ukiigeuza taratibu. Vumbi kidogo si neno. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyembamba kama utando wa buibui pembezoni mwa kioo. Hiyo ni kuvu. Ukiiona, mrudishie mwenyewe kwa heshima, hata akupunguzie nusu. Kisha nyuma ya lenzi kuna kijiti kidogo cha chuma. Kisukume kwa kidole, utaona visu vya tundu vinafunguka. Ukiachia vinatakiwa virudi mara moja, vikavu. Vikirudi kwa uvivu au ukiona mafuta yanang'aa, kuna shida. Halafu ifunge kwenye kamera yako wewe, siyo ya muuzaji, upige maandishi ya gazeti kwa f/1.8, ukaangalie kwenye kompyuta kama mstari uliofokasi ndio mkali.

Na ukishaipata, ilinde na unyevu. Tunakoishi kunaipenda kuvu, na huku Tukuyu na Rungwe mvua ndiyo usiseme. Usiifungie kwenye begi la ngozi chini ya kitanda miezi mizima. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na lenzi. Na msimu huu wa baridi, ukitoka nje kwenda kwenye ukumbi uliojaa watu, liache begi limefungwa kwanza mpaka lipate joto la ndani. Ukilifungua mara moja kioo kinatoka jasho, na maharusi hawatasubiri kikauke.

Basi, naomba ufanye ile kazi ya tepu ya karatasi, hata kwa Jumamosi moja, uniambie umeona nini. Kuna kijana wetu anakwenda Dar mwisho wa mwezi kuchukua karatasi za picha Kariakoo. Nikipata jibu lako kabla hajapanda basi, nitampa hela na hii orodha ya kupima, aitafute 35 ya DX. Akirudi atakupigia simu akifika Ilula ili ushuke Ipogolo kuichukua mkononi, nisingependa izunguke kwenye mizigo ya buti. Hela tutaelewana, usiharakishe, nirudishie ukishalipwa zile send-off za mwezi wa saba. Yule wa 50 mwambie asante, ila haiingiliani na kamera yako, na umweleze kwa nini, asije akamuuzia mwingine mwenye bodi kama yako.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako katika kazi,
Rafiki yako wa Mbeya