Yule mzee haangalii skrini

Somo yangu,

Vipi huko Ngamiani, nyumbani wote wazima? Huku Bagamoyo kusi limekaza, samaki bei juu. Nisamehe kuchelewa kujibu, tulikuwa tunashuti na vichekesho vyenyewe vilikuwa havichekeshi, mpaka nikawa naona aibu kuedit.

Sasa kuna huyu mzee wa Kimarekani, James Burrows, wa 1940, sijui kama ushamsoma. Kaongoza episodi za komedi za tv zaidi ya 1000, elfu moja somo, sisi na zetu tisa tushanuniana! Ndo aliyeongeza kamera ya nne kwenye komedi ya Taxi wakati wenzie wanashuti na tatu, 1982 akaanzisha Cheers na wale ndugu wawili kina Charles, halafu ile komedi ya Will & Grace ya mwanzo, 1998 mpaka 2006, kaongoza yote mwenyewe. Sinema kajaribu, Partners, 1982 hiyohiyo, ila ugali wake ni tv.

Kilichonikamata ni kwamba wakati wa kushuti haangalii skrini. Anatembeatembea tu nyuma ya kamera, anasikiliza. Baba yake alikuwa mtu wa michezo ya jukwaani kule Broadway, mi nahisi sikio lile kalipata hukohuko.

Basi juzi nikajaribu. Tupo kibarazani Mji Mkongwe, sini ya deni la unga: mwenye duka anapiga hodi, mtoto anatoka anasema "baba kasema hayupo." Kichekesho cha tangu babu zetu, kila mtu anakijua, na bado kilikuwa kinakufa. Nikawapa mgongo nikafumba macho. Kumbe dogo anadakia! Mwenye duka hajamaliza "yupo wapi baba yako" yeye kashajibu. Nikamwambia meza mate kwanza, umtazame, ndo useme. Akameza mate, kimyaaa, alafu "baba kasema..." akageuka kuangalia mlangoni kama anauliza tena, hiyo sikumfundisha mimi, "...hayupo."

Muuza kahawa alikuwa anapita, akacheka mpaka vikombe vikagongana, sauti yote ikaingia kwenye simu. Wenzangu wakataka turudie, nikakataa, ile kicheko naiacha humohumo.

Ukija wikiendi njoo na ile maiki uliyoazima Idi, usijifanye umesahau.

Wako,
somo