Marubani "kuishiwa saa": hesabu yake hii hapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwajibu wasomaji wanaodai kwamba ndege za nauli nafuu zikifutwa jioni, maneno "marubani wameishiwa saa", yaani wamefikia kikomo cha saa za kazi wanazoruhusiwa kwa siku, ni kisingizio cha uvivu. Saa huwa zimeisha kweli. Kilichofichika ni nani alizimaliza, na sehemu kubwa ya jibu iko hapa hapa Mwanza.

Unafuu wa nauli haukatwi kwenye leseni. Anayerusha ndege hizi amefanya mitihani ile ile, na takriban kila miezi 6 hurudi kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) kuzimiwa injini moja ndege inaponyanyuka. Kinachobanwa ni dakika. Ndege iliyosimama haiingizi senti, ndiyo maana tangu kampuni ya nauli nafuu ya Fastjet ilipoanza kuleta ndege aina ya Airbus A319 hapa Novemba 2012, tumezoea kuona ndege inatua na kuondoka ndani ya nusu saa.

Katika nusu saa hiyo rubani mmoja anashuka kuizunguka ndege. Anatazama matairi, pini zinazoonyesha unene uliobaki wa breki, mapanga ya injini, mirija ya kupimia mwendo, na kama kuna mchirizi wa oili mahali usipotakiwa. Mwenzake anabaki juu akiingiza njia, uzito, upepo na joto kwenye kompyuta na kupanga mafuta. Kisha wanakaguana tarakimu moja moja. Chakula kinaliwa humo humo, kama kitaliwa.

Sasa tuchukue siku ya kawaida. Marubani wanaripoti Dar saa 12:00 asubuhi, wanaruka saa 1:00. Dar hadi Mwanza tuseme saa moja na nusu, na nusu saa chini kila kituo. Wakienda na kurudi Mwanza mara mbili wanafika Dar saa 8:30 mchana. Kampuni inaongeza Zanzibar, kwenda na kurudi, wanazima injini saa 10:30 jioni. Hiyo ni miruko 6 na saa 10 na nusu kazini. Kwa kanuni za Ulaya, ambako biashara hii imekomaa, anayeanza saa 12 asubuhi anaruhusiwa saa 13 za kazi kwa miruko 2, na kila mruko unaoongezeka unamkata nusu saa. Miruko 6 inambakizia saa 11. Kwetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ina kanuni zake, lakini msingi ni ule ule: kadiri unavyotua mara nyingi, ndivyo siku yako inavyofupishwa, kwa sababu uchovu wa rubani unatokana na kuruka na kutua kuliko kukaa angani.

Basi ratiba hiyo ina akiba ya dakika 30 kwa siku nzima. Mwanza inaweza kuzila zote kabla ya saa 4 asubuhi.

Anza na hali ya hewa. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na mawingu ya radi hujikusanya huko hadi asubuhi, wakati ndege ya kwanza inapokaribia. Kapteni anaweza kuzunguka akisubiri, ila mafuta ya kufika Kilimanjaro au Entebbe hayaguswi, wala ya dakika 30 za mwisho yanayotakiwa kubaki kwenye tangi. Akigeuza, siku yote imeharibika.

Halafu breki, jambo ambalo abiria hawaambiwi. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 6,000 na ushee (zaidi ya mita 1,800). Wakati wa kutua, kipimo kikisoma noti 135 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), ndege kwa kweli inakimbia karibu noti 148. Mwendo umezidi asilimia 10, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imezidi kama asilimia 20. Kwenye ndege za familia ya A320, A319 ikiwemo, breki zikiwa juu ya nyuzi 300 hairuhusiwi kuruka: magurudumu yakikunjwa yakiwa na moto huo, mafuta ya haidroliki yakivuja yanaweza kuwaka. Kwa hiyo wale wanaoguna kwamba rubani "amepitiliza" njia ya kutokea, wajue anaiacha ndege ipunguze mwendo taratibu ili msisubiri breki zipoe.

Na korongo, wale ndege wakubwa wa miguu mirefu. Wanafikia kilo 9, wakati hata injini kubwa kabisa hujaribiwa kwa kurushiwa mzoga wa kilo 3.65, na hapo sharti ni izimike salama tu. Akigongwa mmoja, ndege haiondoki hadi fundi mwenye idhini ya aina hiyo aikague, na kampuni za nauli nafuu hupenda kuwaweka mafundi wao makao makuu. Matumbo ya samaki na taka zikitupwa wazi kandokando ya ziwa, tunawaalika. Manispaa ya Ilemela ikizifukia taka hizo mapema itatusaidia kuliko baruti za kuwafukuza.

Mizigo ni suala lenu abiria. Aliyekabidhi begi asipofika mlangoni, begi lake lazima litafutwe na kushushwa. Boksi la sangara likivuja linashushwa pia, maana maji yake hupenya chini ya sakafu na kula bodi ya ndege. Weka samaki waliogandishwa kwenye mfuko usiopenya, juu yake boksi gumu. Barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa) haizidi kilo 2.5 kwa mtu, tena kwa idhini ya kampuni.

Wapo wanaouliza kwa nini kapteni asiongeze muda. Kwa kanuni hizo za Ulaya anaweza, kwa muda usiozidi saa mbili, kwa dharura iliyotokea siku hiyo. Lakini uamuzi ni wake baada ya kuwatazama wenzake, na kampuni haina haki ya kumshurutisha. Marubani wengi posho yao huhesabiwa ndege inapoanza kutembea hadi inapoegeshwa, kwa hiyo naye akisubiri hapa halipwi posho hiyo. Akikataa, ujue amekataa na pesa yake.

Lawama yangu iko kwa mpanga ratiba anayebakiza dakika 30 kwenye ruti inayopita juu ya ziwa hili. Ndege ikifutwa, mwacheni dada wa kaunta. Mwandikieni meneja wa kampuni: ratiba ya leo ilikuwa na akiba ya dakika ngapi, na marubani wa zamu ya akiba walikuwa wapi?

Rubani wa ndege za abiria,
Ilemela, Mwanza