Mhariri, tuchapishie bei ya ndama kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, shule ya msingi, naishi Boma Ng'ombe wilayani Hai. Mafao yangu yalipotoka (ya kikokotoo cha pensheni tuyaache, barua isije ikaungua) nilianza ufugaji kwenye uwanda wa Sanya, upande wa kuelekea uwanja wa ndege wa KIA. Kila Januari, wazazi wanapohangaikia ada na sare, naongeza ndama dume wawili watatu mnadani, maana mwezi huo kila mtu anauza na bei inalala. Nawachanganya na wa kwangu, wanakula majani ya masika, halafu nawauza kwa wanenepeshaji wa Arusha wanaowaweka bandani miezi mitatu kabla ya kuwapeleka machinjioni. Mwaka huu walikuwa 12.

Kila Juni naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, unauza sasa au unangoja Krismasi?" Majirani zangu wa Machame wanasema ngoja, Desemba watoto wa mjini wanapanda mlimani na bucha zinakosa nyama. Mchungaji wangu wa ng'ombe, mzaliwa wa Longido, anasema uza, majani yakishakuwa meupe utabaki na mifupa inayotembea. Wote wawili wameshawahi kuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipo.

Mwaka 2021 niliwasikiliza wa Machame. Nilikuwa na ndama tisa, nikakataa bei ya Julai nikijua vuli itakuja. Vuli haikuja. Novemba mawingu yalikuwa yanakaa juu ya Meru asubuhi na kuondoka mchana kama watu waliokosa nauli. Robota la nyasi nililozoea kununua shilingi 3,500 likafika 8,000, na bado unalikuta limejaa vumbi. Kufikia Januari 2022 habari za mizoga kule Simanjiro zilikuwa kwenye kila redio. Februari nikauza saba waliobaki. Dalali alimtazama mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta wa zizi akasema, "Mama, huyu nakupa elfu tisini, na ni kwa sababu nakuheshimu." Nilizipokea.

Mwaka uliofuata, kwa woga, niliuza wote mapema mno, Aprili, wangali wadogo na majani yamejaa kila mahali. Nikakaa miezi miwili natazama uwanda wa kijani usio na wa kuula. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila halikunikosesha usingizi kama lile la kwanza.

Watu hutuambia tufuate utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatusaidia sana, sibishi, lakini utabiri wa vuli hutolewa mwishoni mwa Agosti. Kwetu Sanya majani mazuri yanaisha Juni, yakijitahidi Julai. Uamuzi wa kuuza unatangulia utabiri kwa miezi miwili. Mvua siwezi kuiamulia, wala mpaka wa Namanga siwezi kuuamulia: mnunuzi wa Kajiado, Kenya, akija kwa wingi bei inachangamka, na serikali mbili zikinuniana, kama ulipopigwa mnada wa ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wakenya mwaka 2017, kila mtu anarudi nyuma. Ugonjwa wa miguu na midomo ukilipuka, karantini inafunga mnada siku hiyo hiyo. Hayo yote ni ya Mungu na wakubwa. Nilichoweza kufanya mimi ni kupima.

Mwezi uliopita nilichukua futi ya fundi cherehani, ile laini ya sentimita 150, nikaenda nayo zizini. Mchungaji akamshika ndama mweusi mwenye baka jeupe usoni. Nikapitisha futi nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, nikaivuta mpaka ikalala kwenye ngozi bila kumbana. Sentimita 116. Kisha kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa kalio: 98. Kanuni ni nyepesi kwa mtoto wa darasa la sita: mzunguko uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo 121 na ushei. Si mzani, inakosea kilo kadhaa, zaidi ndama akiwa ametoka kunywa maji. Lakini dalali alikwisha kumkadiria kwa macho: "Huyo ni kilo tisini tu, mwalimu."

Niseme kidogo kuhusu dalali huyo. Nilimfundisha mwenyewe jedwali la saba, na alikuwa hodari. Ananiamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu," kisha ananikadiria pungufu kilo 30, na upande wa pili anamtajia mnunuzi bei yenye cha juu chake. Simlaumu sana. Kazi yake ipo kwa sababu mimi na mnunuzi hatujui bei. Siku tutakapojua, itabidi atafute jedwali la nane.

Basi huyo mweusi alimpa bei ya shilingi 420,000, sawa na kama 3,450 kwa kilo. Mwingine mwekundu, mkubwa zaidi, futi ilisoma mzunguko 133 na urefu 112, yaani karibu kilo 183. Huyo akampa 560,000. Ukigawanya, kilo moja ya mwekundu ni kama 3,060. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Ndama mkubwa analipwa fedha nyingi zaidi, ndiyo, lakini kila kilo yake ni rahisi kuliko ya mdogo. Na zile kilo 61 alizomzidi mwenzake zililipwa 140,000 tu, chini kidogo ya shilingi 2,300 kila moja.

Hiyo 2,300 ndiyo iliyonifungua macho, maana swali la "sasa au Krismasi" limejificha humo. Nikingoja, je, kilo moja ya ziada itanigharimu kiasi gani? Wakati wa masika inanigharimu dawa ya kupe, chumvi na mshahara wa mchungaji, kwa hiyo kungoja ni faida na aliyeuza Aprili, yaani mimi, alikuwa mjinga. Kiangazi mambo yanageuka. Pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti, kilo mbili kwa siku, kwa bei niliyonunua mwaka jana ni kama shilingi 1,200. Ndama wa zebu anayekula hivyo juu ya mabua makavu akiongeza gramu 400 kwa siku, shukuru. Kilo moja inakuwa imenigharimu 3,000 nami nalipwa 2,300. Bei ya Desemba ingepaswa kupanda sana kufidia hilo, na kabla ya Desemba yupo Oktoba. Mnenepeshaji yeye anaweza, kwa sababu anachukua molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC na mashudu kwa tani, si kwa debe kama mimi, na anamuuza ng'ombe aliyekwisha nenepa kwa mwenye bucha, si ndama kwa dalali. Mashudu yakishuka bei baada ya mavuno ya alizeti ya Singida nitapiga hesabu upya.

Mpwa wangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Kilimo, SUA, alicheka nilipomwonyesha daftari. Akaniambia Wamarekani wana jambo hilo hilo: ndama mwepesi kilo yake ni ghali kuliko ya mzito, na mahindi yakipanda bei pengo hilo linapungua, kwa sababu mnunuzi anaona heri anunue kilo zilizokwisha kuwepo kuliko kuzilisha mwenyewe. Lakini huko Wizara ya Kilimo inatangaza bei za minada, ndama wamepangwa kwa uzito, na soko la Chicago limekuwa na mikataba ya bei ya ndama ya miezi ijayo tangu 1971. Sisemi tujenge Chicago pale mnadani Weruweru. Nasema mfugaji wa kule anaamka anajua ndama wa uzito wake aliuzwa bei gani wiki iliyopita, na mimi naamka namsubiri mwanafunzi wangu.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lako linachapa bei ya dola, msimamo wa ligi, hata matokeo ya timu za Ulaya ambazo hazijui kama tupo. Bei za jumla za mahindi na maharage serikali huzitangaza, nanyi mnazipata. Tupeni kisanduku kidogo cha bei za minada, mara moja kwa wiki: Weruweru, Meserani, na Pugu kule Dar es Salaam ili tuone mwisho wa safari. Msiandike "ng'ombe, bei ya wastani", maana hilo linachanganya ndama wa miezi minane na dume la miaka mitano, ni sawa na kutoa wastani wa umri wa darasa pamoja na mwalimu. Andikeni ndama chini ya kilo 100, kilo 100 hadi 150, 150 hadi 200, na bei kwa kilo. Na wenye halmashauri watoe mizani ifanye kazi. Mnada mmoja ninaoufahamu una mzani wa ng'ombe uliofungwa kufuli, kuku wanalala juu yake.

Kuhusu wale 12: nimeuza saba wiki ya kwanza baada ya Idi ya Kuchinja. Nimeona miaka miwili mfululizo kwamba mabanda ya wanenepeshaji huwa yamebaki matupu wakati huo, madume makubwa yakiwa yamekwenda, na wanatafuta wa kujazia. Watano waliobaki ni wadogo, na bado kuna majani bondeni ya kuwatosha wiki tatu hivi. Baada ya hapo nawapeleka mnadani, kila mmoja kilo zake zimeandikwa ubavuni kwa chaki. Chaki bado ninazo boksi mbili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Boma Ng'ombe, Hai