Kwenye bango lile kuna uzi wangu

Mhariri,

Mara ya mwisho kuandikia gazeti ilikuwa 1997, walimu walipogoma, na barua ile haikuchapishwa. Nikanyamaza. Nina cherehani, nina wateja, nina goti linalouma. Sikuona haja ya kubishana na watu wa magazeti. Lakini ile habari yenu ya wiki jana kuhusu "vibanda vinavyojiita shule" imenitoa jikoni. Mlimnukuu afisa wa elimu akisema shule za mabati hapa Kibera, zile zisizo za serikali, zinavuruga takwimu na zifungwe. Kisha chini yake, ukurasa uo huo, mkaipongeza shule moja ya umma kwa "kuwainua watoto wa mitaa ya mabanda". Hamkuona kwamba ni watoto wale wale?

Mimi ni fundi wa nguo hapa Makina tangu 1984. Wengine huhesabu watoto kwa rejista. Mimi nawahesabu kwa kola. Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. Kila mama alitaka shati la shule ya umma, nikakesha. Kufikia Agosti nusu ya akina mama hao walikuwa wamerudi kutaka rangi ya zamani. Mtoto anakaa sakafuni, darasani wamepita mia, muhula mzima daftari halijaonja kalamu nyekundu. Shule ya mabati iliyo nyuma ya choo cha kulipia ilikuwa na watoto thelathini kwa darasa, na mwalimu anayejua kila mmoja anaishi na nani. Sasa niambieni nani alikuwa akimtua mwenzake mzigo.

Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Wa mabati hana hata ya chaki. Mama yake hulipa hamsini leo, thelathini kesho, Jumamosi akipata vibarua vya kufua anamalizia. Nenda kasome Katiba, kifungu cha 53: elimu ya msingi bila malipo ni haki ya kila mtoto. Haikusema kila mtoto aliyewahi dawati. Lakini mtihani, ah, huo 2017 serikali ilianza kuwalipia wote, hata wa shule za kibinafsi. Yaani mtoto wetu anatambuliwa siku ya mtihani tu.

Najua mtaniuliza kuhusu Ng'ando, mtaa mwingine wa hapa Nairobi. Septemba 2019 darasa la shule ya kibinafsi huko lilianguka asubuhi, watoto wanane wakafa. Nililia kama wengine na sitetei kuta mbovu. Ila huku kwetu baada ya pale tulisikia neno moja tu, fungeni, na hakuna aliyekuja na bati jipya wala msumari. Na Julai 2018, matingatinga ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata yalipopita Kibera yakiangusha nyumba pamoja na shule, sikusikia afisa akilalamika kwamba takwimu zimevurugwa.

Sasa nifike kwenye bango. Mjukuu wangu alisoma shule ya mabati tangu chekechea hadi darasa la nane. Shule yao haikuwa kituo cha mtihani, kwa hiyo 2023, ile KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza darasa la nane, watahiniwa wake kumi na tisa waliandikishwa katika shule ya umma ng'ambo ya barabara. Wiki mbili kabla ya mtihani ikaja amri: hakuna kuingia bila sare ya shule hiyo, wasije wakaonekana wageni. Kumi na tisa! Wazazi hawana. Nikashona kwa mkopo, usiku nane mfululizo, kwa taa ya betri kwa sababu stima ilikuwa imepotea (hiyo ni barua nyingine). Uzi wa samawati ukaniishia nikiwa kwenye kola ya mwisho, ya mjukuu wangu, nikamalizia na wa kijani. Nikamwambia ainamishe kichwa, nani atachungulia. Matokeo yakatoka: alama 389. Haikupita wiki, bango likapanda kwenye lango la ile shule ya umma, refu kuliko duka langu, "Tunajivunia Wetu", nyuso tano zimepangwa. Wa pili kutoka kushoto ni mjukuu wangu, na kwenye kola, kwa yeyote mwenye macho, mshono wa kijani. Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Sikutaka pesa. Nilitaka jina la shule iliyomfundisha liwekwe chini ya picha, hata kwa herufi ndogo, na la mwalimu wake wa hesabu, kijana anayelipwa elfu sita, tena mwezi ukiwa mzuri. Mwalimu mkuu akaniangalia kwa huruma, akalielekezea bango kalamu. "Shosho, huyu ni mtoto wetu. Kwani huoni sare?" Sare! Niliyoishona kwa mikono hii, ambayo wazazi saba hawajamaliza kunilipa mpaka leo!

Na kwa kuwa tumefika kwenye sare, nimalize kabisa. Shule hiyo hiyo sasa imewaambia wazazi wanunue sweta katika duka moja tu mjini, shilingi 1,400, eti kwa sababu ya nembo. Mimi naliuza 700 na nembo naitarizi mwenyewe, simba ana mkia na kila kitu. Wizara imesema zaidi ya mara moja kwamba mzazi ana uhuru wa kununua anapotaka. Mtoto aliyevaa sweta langu alirudishwa nyumbani Jumatatu. Mtasema nalia kwa ajili ya biashara yangu. Ndiyo, nalia kwa ajili ya biashara yangu. Hata hiyo nayo inalipa kodi.

Mpwa wangu yuko Minnesota, huko Marekani. Ananiambia jimbo hilo lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya shule za mkataba, 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata, mji wa St. Paul. Zinaendeshwa na watu nje ya mfumo wa kawaida, mtoto halipi karo, pesa za umma zinamfuata alipo. Shule ikivurunda, mkataba hauongezwi. Sisemi kila cha Marekani ni asali. Anasema walimu wa shule za kawaida wanalalamika kwamba zinawala fungu lao, na nyingine zimefungwa. Lakini sheria inaziita shule za umma. Haziitwi vibanda.

Wala hatuhitaji kupanda ndege. Sekondari niliyosoma kule Magharibi 1971 ilikuwa ya harambee. Wazazi walileta mawe kwa kichwa, jogoo wa baba akanadiwa mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa masomo manne. Leo ni shule ya serikali, ina basi lenye jina ubavuni, na hakuna afisa anayekumbuka nani aliweka jiwe la kwanza. Hivi ndivyo nchi hii ilivyojaza shule zake, Mhariri, na nyinyi mna maktaba ya magazeti ya zamani hapo ofisini, chungulieni.

Pendekezo langu ni hili. Ile 1,420 imfuate mtoto hata akiwa chini ya bati, baada ya mkaguzi kuja na kuonyesha ni ukuta gani wa kubomoa na upi wa kuacha. Na kila bango la matokeo, chini ya kila uso, liandikwe mtoto alifundishwa wapi tangu darasa la kwanza, kwa herufi zisizopungua urefu wa kidole gumba changu, ambacho nimekipima: sentimita sita.

Waziri akiona gharama ni kubwa, bango la hapa kwetu bado linaning'inia langoni, limepauka ila nyuso zinaonekana. Walilete Makina. Plastiki haikubali sindano vizuri, lakini nina sindano namba 18, na uzi wa kijani upo.

Fundi wa Makina,
Kibera, Nairobi