Chanjo zinazoharibika ndani ya jokofu zima

Ndugu Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya chanjo vijijini, kilio ni kimoja: umeme hakuna, joto kali, majokofu hayatoshi. Ni kilio cha haki. Ila kuna hasara nyingine inayotokea ndani ya jokofu linalofanya kazi vizuri tu, nayo ni chanjo kuganda.

Chanjo za zahanati hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Matone ya polio na unga wa chanjo ya surua huvumilia kuganda. Pentavalenti (sindano moja inayokinga magonjwa matano), pepopunda, homa ya ini B, ya nimonia na ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi hazivumilii. Hizi zimetengenezwa na chumvi ya alumini, na zikiganda chumvi hiyo hushikana mabonge ambayo hayarudi tena hali yake hata barafu ikiyeyuka. Mtoto akichomwa chanjo hiyo, kadi inajazwa lakini kinga haipati sawasawa.

Kibandiko cha kichupani, chenye mraba ndani ya duara, hakisaidii hapa. Kinapima joto tu: mraba ukifikia rangi ya duara, kichupa kinatupwa. Chanjo iliyoganda usiku kucha huamka na mraba mweupe, na mhudumu anaitumia bila wasiwasi.

Mara nyingi huanza hivi. Mchana wa jua kali kipimajoto kinakaribia 8. Mhudumu anazungusha swichi ya jokofu kuongeza baridi, kisha anafunga zahanati. Usiku hewa inapoa, jokofu linaendelea kupoza kwa nguvu ileile, na kufikia alfajiri ndani kumeshuka chini ya sifuri. Swichi ipangwe mara moja, asubuhi ya baridi isomeke 2 au 3, kisha iachwe. Vipimo viandikwe asubuhi na jioni, hata Jumamosi na Jumapili. (Fomu ambayo wiki nzima imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka uleule, msimamizi yeyote anajua ilijazwa lini.)

Katika jokofu la kufunguka juu, baridi kali iko chini na kwenye kuta. Vikapu vyake vina kazi: surua na polio chini, zinazoogopa kuganda juu. Vikishatolewa ili jokofu lijae zaidi, pentavalenti inalala sakafuni.

Kisha kuna siku ya huduma ya mkoba, mhudumu anapopeleka chanjo nje ya zahanati. Vipakiti vya barafu vinatolewa kwenye friza, vinatumbukizwa moja kwa moja kwenye kibebeo, yaani sanduku la baridi la kubebea chanjo, na pikipiki inaondoka. Vikitoka friza vinaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, na kichupa kinachovigusa hakichukui muda kuganda. Vipangwe mezani kwanza, vikiachana kidogo, hadi kimoja kikitikiswa sikioni maji yasikike yakicheza ndani. Kwenye joto ni kama nusu saa au zaidi. Kwenye baridi huenda hata saa moja na nusu. Kinachoamua ni sauti ya maji, saa haitoshi. Baada ya hapo vipanguswe, ndipo viingie.

Anayeshuku kwamba chanjo imeganda afanye jaribio la kutikisa. Achukue kichupa kingine cha aina na bechi ileile (kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani), akigandishe makusudi usiku kucha, akiache kiyeyuke. Atikise hicho na kile kinachoshukiwa kwa pamoja, aviweke bega kwa bega, atazame hadi dakika 30. Mashapo ya kichupa kinachoshukiwa yakitua haraka sawa na ya kile kilichogandishwa, au kukizidi, kimeharibika.

Kwa wanaopanga bajeti za afya, nina ombi dogo kuliko jokofu jipya. Kila zahanati ipewe kifaa cha kurekodi joto siku 30 mfululizo, ambacho hutoa tahadhari baridi ikipita kiasi, na seti mbili za vipakiti, moja igande wakati nyingine iko safarini. Vibebeo vinavyonunuliwa sasa viwe vile vilivyoundwa kuzuia kuganda, vipo sokoni.

Na mhudumu anayeripoti chanjo iliyoganda asikatwe mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo. Akiadhibiwa, bechi inayofuata ataichoma kimya kimya.

Mdau wa huduma za chanjo